Gari la juu lililotumika: bei ya haki inatoka wapi

Prado mbili za mwaka mmoja na injini moja zinaweza kuuzwa Dar es Salaam kwa bei zinazopishana kwa mamilioni ya shilingi. Mnunuzi asiye na hesabu yake mwenyewe huishia kuamini mdomo wa dalali, na dalali hapati kitu mpaka gari liuzwe. Makala haya ni ya mtu ambaye fedha zake ni za jasho na barabara yake ni mbovu kweli: mkulima wa mpunga Kilombero, mfanyabiashara wa mazao Kiteto, kijana wa Karatu anayetaka kuanza kubeba watalii. Wote hao wanaweza kupata gari zuri kwa bei ya haki, wakijua bei hiyo inajengwa vipi.

Kwanza, uhitaji. Si kila gari refu ni gari la porini. Harrier na RAV4 zimeinuka, lakini hazina gia ya chini, ile inayoandikwa 4L, ambayo hulifanya gari litambae kwa nguvu kwenye tope, mchanga au mteremko wa mawe. Kama njia yako mbovu ni kilomita chache tu wakati wa masika, na mzigo wako ni familia na magunia mawili matatu, tafuta Suzuki Jimny au Escudo yenye gia hiyo. Ni magari madogo, hayali mafuta sana, na yakiwa na injini za chini ya cc 2,000 yanatozwa ushuru mdogo. Watu wengi wanakopa fedha kununua Land Cruiser kwa kazi ambayo Escudo ingeimaliza.

Sasa tuje kwenye bei. Bei ya haki ya gari lililotumika hapa nchini ina dari yake: gharama ya kuagiza gari la aina hiyo hiyo kutoka Japani, kulilipia kodi zote na kulipatia namba. Muuzaji akiipita dari hiyo, mwachie gari lake. Akiwa chini yake kidogo, mna la kuzungumza. Akiwa chini sana, kuna sababu, na ni lazima uijue kabla hujatoa fedha.

Tupige hesabu kwa mfano. Chukua Prado ya petroli ya cc 2,700 ambayo thamani yake ya forodha, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini, ni dola 10,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, sawa na dola 2,500, na jumla inafika 12,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10 ya jumla hiyo, dola 1,250. Gari likiwa limepita miaka 10 tangu litengenezwe, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, dola 3,750. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18, dola 3,150. Kodi peke yake imefika dola 10,650, imeipita bei ya gari lenyewe, na bado hujalipa tozo ya reli, ada za forodha, gharama za bandari, wakala na usajili.

Gari hilo hilo likiwa na miaka 9, uchakavu ni asilimia 15 na kodi hizo zinashuka hadi karibu dola 8,440. Likiwa halijafika miaka 8, uchakavu haupo na kodi ni dola 6,225. Ndiyo maana gari la miaka 11 linaloonekana rahisi kwenye picha za Japani linaweza kukufikia kwa gharama ileile ya gari la miaka 7. Kabla ya kuchagua mwaka, linganisha jumla ya mwisho, usilinganishe bei za picha. Magari ya kazi kama pikapu yana viwango vyake vya uchakavu, na viwango vyote vinaweza kuguswa na bajeti inayoanza Julai. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo kwenye tovuti yake: unaingiza aina ya gari, mwaka na injini, kinakupa thamani na kodi. Hakuna malipo, na ndicho chombo bora kuliko vyote alivyo navyo mnunuzi. Kumbuka tu kwamba ankara yako ikionyesha bei ndogo kuliko thamani iliyo kwenye mfumo, TRA inakwenda na ya kwake.

Kwa msomaji wa Kenya hesabu ni tofauti. Kule gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo Land Cruiser za zamani zilizopo ndizo hizo hizo zinazozunguka mikononi mwa watu, na uchache wake unazipandisha bei. Huko kipimo ni bei za magari kama hilo yaliyokwisha kuuzwa ndani ya nchi.

Matangazo yetu yana msamiati wake: "namba D," "namba E," "haidaiwi," "maongezi yapo." Herufi ya namba inapewa uzito usiostahili. Inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la 2004 lililoingia majuzi lina namba mpya kabisa, na wauzaji wanaidai bei ya upya huo. Mwaka wa kweli utafute kwenye gari lenyewe: vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, na kwa magari mengi ya Japani utakuta kitambaa kidogo chini chenye tarehe ya kutengenezwa. Kilomita za dashibodi nazo zisikutawale, kwa kuwa kuzirudisha nyuma ni kazi ya dakika chache. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyosagika hadi chuma haitoki kwenye gari lililotembea kilomita 70,000.

Ukaguzi wenyewe ufanywe asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika gusa boneti. Dizeli iliyochoka hujificha ikishapata moto. Ikiwa baridi husumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe unaochelewa kukatika. Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Kwa Prado za toleo la 120, za 2002 hadi 2009, zenye gia za otomatiki, tazama kama maji yamekuwa mazito yenye rangi ya waridi. Oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo, na ukuta unaozitenga ukitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na kuiua. Ukiona hivyo, usikate bei ya rejeta. Kata bei ya giaboksi nzima, au ondoka.

Halafu lala chini ya gari na tochi na bisibisi. Magari ya juu yanapendwa sana kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, kwenye theluji, na huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chesisi kutoka ndani. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, ukikazia sehemu ya juu ya tairi za nyuma na pale springi zinapokaa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa na kumwaga unga wa kutu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini yote, huku bodi ikiwa ya zamani, ichukulie kuwa onyo. Injini inabadilishwa na giaboksi inabadilishwa, lakini chesisi iliyooza haina bei ya haki.

Kwenye magari yenye eksel nzima mbele, kama Land Cruiser "mkonga," toleo la 80 na Nissan Patrol za zamani, nyuma ya gurudumu la mbele utaona tufe la chuma ambalo gurudumu hugeukia. Lifute kwa kidole. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida. Oili nyepesi inayochuruzika hadi ndani ya rimu maana yake sili ya ndani imekufa, na oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Si ugonjwa wa kuua, lakini ni kazi ya siku nzima gereji pamoja na spea, na ni haki yako kuitoa kwenye bei.

Mwisho wa ukaguzi ni kuendesha. Tafuta kipande cha vumbi au mchanga. Kwenye lami kavu usijaribu magurudumu yote manne kwa gari lisilo na difu ya katikati, maana mitambo hukaza. Ingiza 4H, kisha simama na uingize 4L. Magari mengi ya mjini hayajaguswa mkono wa gia hizo kwa miaka, na umeganda. Sikiliza mlio wa difu ukiachia mafuta, na uone kama gia zinaruka. Gari la porini lisiloingia gia ya porini lilipiwe bei ya gari la kawaida.

Kuhusu injini nitasema ninavyoamini. Ile 1HZ ya dizeli, cc 4,164, isiyo na tabo wala umeme mwingi, imejipatia heshima yake porini kwa haki, na kila fundi wa mkoani anaifahamu. Lakini heshima hiyo imezipandisha mkonga bei kiasi kwamba mtu asiyebeba mizigo mizito analipia sifa. 1KZ ya tabo iliyo kwenye Prado na Surf za miaka ya 1990 inajulikana kwa kupasuka hedi ikichemka. Tafuta kumbukumbu za matengenezo. 1KD iliyofuata ina nguvu, ila nozeli zake ni ghali na hazivumilii dizeli chafu. ZD30 ya Nissan Patrol, ya lita 3.0, siwashauri wenye bajeti ndogo. Kwa mtu wa kawaida, Prado ya petroli ya cc 2,700 ndiyo ninayoiona salama zaidi: haina kasi, lakini haina siri, na spea zake zinapatikana Kariakoo na Ilala Shaurimoyo.

Mahali pa kununua panabadilisha bei. Yadi ni ghali lakini unagusa gari, na kwa kawaida halijasulubiwa na barabara zetu. Ukiagiza mwenyewe unaokoa faida ya yadi, ila unabeba hatari: dai karatasi ya mnada wa Japani yenye alama za ukaguzi, ujue kwamba daraja R au RA ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa, na fedha zitumwe kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si ya mtu binafsi. Arusha kuna Land Cruiser za utalii zilizorefushwa. Kagua kwa makini mishono ya welding kwenye chesisi, na uhakikishe idadi ya viti inalingana na kadi. Wenye magari hayo huwa tayari zaidi kushusha bei Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache.

Minada ya serikali ina vitu vizuri kwa anayejua. Magari huuzwa kama yalivyo na mahali yalipo, huruhusiwi kuyaendesha, na unayekabiliana naye mara nyingi ni fundi mzoefu. Nenda siku za ukaguzi na fundi wako, andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi, na mnada ukiipita, kaa kimya. Uangalifu zaidi uwe kwa magari yenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, au za ubalozi. Hayo huingia kwa msamaha wa kodi, na yakiuzwa kwa asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Uliza kwa maandishi nani anaulipa, kwa sababu hesabu tuliyoifanya hapo juu inaweza kukurudia wewe.

Gari likishakupendeza, nenda kwenye karatasi. Namba ya chesisi ya Land Cruiser na Prado imegongwa kwenye chuma cha chesisi, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Isome mwenyewe na uilinganishe na kadi halisi. Kama eneo hilo limesagwa au kuchomelewa, safari imeishia hapo. Kadi yenye jina la benki pamoja na la mmiliki ni ya gari lililokopewa, na linahitaji barua ya benki kwamba deni limekwisha. Faini za barabarani zinaangaliwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na bima inathibitishwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, fedha zipite benki, na bajeti yako iache nafasi ya ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada ya kuhamisha umiliki.

Usimalizie malipo yote kabla maombi ya kuhamisha umiliki hayajaingia TRA. Mpaka kadi isome jina lako, gari hilo bado ni la mtu mwingine.