Praha kwa Posho ya Mwanafunzi: Saa Tatu Zilizookoa Euro za Mjomba

Hasira ya lile duka la kubadilishia fedha karibu na uwanja wa Mji Mkongwe wa Praha bado haijanitoka, wala furaha ya kulifanya lirudishe kila senti haijapungua. Tangu tuweke picha za safari yetu ya mahafali, wengi wameniuliza tuliwezaje kuzuru mji kama ule na sisi ni wanafunzi wa ufadhili tuliohitimu Budapest juzi tu. Nitaeleza kwa hatua. Mambo ya kupanga begi na kubeba chaja mnayajua, siyagusi.

Hatua ya kwanza ni usafiri, nayo ni nyepesi. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha Hungaria haombi viza nyingine kuingia Czechia, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Schengen. Anaruhusiwa kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasipoti na kadi yenyewe, si picha yake kwenye simu. Tiketi kateni mapema, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Sisi tulipanda treni ya njano ya RegioJet inayopitia Vienna na Brno, na naisifu bila kulipwa na mtu: viti safi, kikombe cha kahawa bila malipo, na wahudumu wanaokusemesha kwa adabu. Malazi tafuteni mtaa wa Žižkov, msihangaike na Mji Mkongwe. Tramu inawafikisha katikati ya mji kwa dakika chache, na hosteli za huko zina jiko.

Hatua ya pili ni fedha. Czechia imo katika Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro, inatumia koruna, na kwenye mwanya huo ndipo wageni wanapokamuliwa. Hapa sina budi kueleza yaliyotufika.

Dada yetu wa Lamu alikuwa na euro 200 taslimu, zawadi ya mahafali kutoka kwa mjomba wake aliye Muscat. Asubuhi, sisi wengine tukiwa tumesimama chini ya ile saa ya mnara iliyowekwa mwaka 1410, tukingoja sanamu za mitume zipite dirishani saa inapogonga, yeye alijitenga kidogo akabadilishe. Duka lilikuwa na maandishi makubwa kwamba halichukui kamisheni, na ni kweli halikuchukua. Lilimpa koruna 17 kwa kila euro. Siku hiyo euro moja ilikuwa inakaribia koruna 25. Kile kiwango kizuri kilichong'aa ubaoni kilikuwa cha mwenye kubadilisha fedha nyingi, na sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima angezipita. Mtu mwaminifu anayemwamini mwenzake wa kaunta hana kosa lolote. Kosa ni la aliyepanga ubao ule.

Tuligundua tukiwa juu kwenye Ngome ya Praha, nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, alipotoa risiti ili tugawane gharama. Koruna 3,400. Ilipaswa kuwa karibu 5,000. Dada akanyamaza kabisa, na nilijua anamfikiria mjomba.

Sasa shikeni hili, hata mkisahau mengine yote. Tangu Aprili 2019 sheria ya Czechia inampa mteja wa duka la fedha haki ya kutengua mabadilishano ndani ya saa tatu, bila kutoa sababu na bila kulipa faini, mradi kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Niliijua kwa kumtazama Janek Rubeš, mwandishi wa habari wa Praha mwenye chaneli ya Honest Guide huko YouTube, ambaye kwa miaka amewaandama wenye maduka haya mchana kweupe na kamera mkononi. Kila mgeni wa Praha anadaiwa shukrani na mtu yule.

Risiti ilionyesha saa tano na dakika kumi asubuhi. Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu. Tukashuka kwa tramu namba 22 hadi Malostranská, tukaingia metro ya mstari wa kijani, kituo kimoja tu hadi Staroměstská, kisha tukakaza mwendo kwa miguu. Njiani dada akakumbuka ameshatumia koruna kadhaa kununua maji. Mwenzetu wa Kisumu, aliyekuwa ametoa zake kwenye mashine ya benki, akajaza pengo ili kiasi kitimie kama kilivyo kwenye risiti. Hilo ni muhimu: unarudisha chote, wao nao wanarudisha chote.

Yule kijana wa kaunta alitikisa kichwa kabla hatujamaliza salamu. Akasema fedha ikishabadilishwa, imebadilishwa. Sikupandisha sauti. Nilibandika risiti kwenye kioo, na kando yake simu yenye maneno niliyokwisha kuyaandika kwa Kicheki: odstoupení od smlouvy, yaani kujitoa katika mkataba. Chini yake nilikuwa nimeandika Česká národní banka, benki kuu ya nchi, ambayo ndiyo inayosimamia maduka haya na kupokea malalamiko. Akasoma. Akapiga simu. Tukasimama pale, dada kaifumba mikono yake, watalii wakipanga foleni nyuma yetu, na mwenzetu wa Kisumu akiwaambia mmoja mmoja waangalie kiwango kabla ya kutoa fedha. Nadhani huyo ndiye aliyetumalizia kazi, kwa sababu foleni ilianza kupukutika. Euro 200 zikatoka chini ya kioo pamoja na risiti ya pili. Dada alizihesabu, akazikunja, akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyowafanya watu wageuke.

Kwa hiyo tunzeni risiti, tazameni saa iliyochapwa juu yake, na msisubiri jioni ndipo mpige hesabu. Kabla ya kutoa noti, ulizeni kwa sauti mtapewa koruna ngapi mkononi, jumla, na mlinganishe na kiwango cha siku kwenye simu. Anayewafuata barabarani kuwabadilishia msimjibu hata salamu. Wapo waliopewa noti kuukuu za Belarus zisizonunua chochote. Mkitoa kwa kadi, tumieni mashine iliyo ukutani mwa benki halisi kama Česká spořitelna au ČSOB, na ikiwauliza kama ikate kwa sarafu ya nyumbani, kataeni, chagueni koruna.

Yaliyobaki ni mepesi. Tiketi ya saa 24 inafaa tramu, metro na mabasi, nayo hugongwa mara moja tu kwenye kisanduku cha njano. Nyua za ngome mnaingia bila kulipa. Unalipia ukitaka kuzunguka ndani ya kanisa na majumba. Daraja la Charles, ambalo Mfalme Charles IV alianza kulijenga mwaka 1357, liendeeni saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi. Tulipiga picha zetu za mahafali pale kwa nafasi, na kwa kuwa Mombasa iko mbele kwa saa moja tu, mama alikuwa ameshaamka na akaziona sanamu zote za darajani kupitia simu. Vyšehrad nako, walikozikwa watunzi wa muziki Dvořák na Smetana, hakuna kiingilio.

Chakula, tafuteni mikahawa ya mitaani inayoandika denní menu, chakula cha mchana cha siku za kazi: supu na sahani moja kwa bei ya chini. Asiyekula nguruwe aepuke kila palipoandikwa vepřové na achukue kuřecí, yaani kuku, au smažený sýr, jibini iliyokaangwa, ambayo dada yetu aliila kwa furaha. Zile trdelník, keki za kuzungushwa juu ya moto zinazouzwa kila kona kama urithi wa kale wa Praha, sizipendekezi. Si urithi wa mji ule, na moja pamoja na kahawa pale uwanjani ilikaribia bei ya mlo kamili tulioula Žižkov.