Somo la Mwezi: Kulima na Kutunza

Soma kwanza: Mwanzo 2:8–15, Zaburi 104:24–30



Katika kitabu cha Mwanzo twaona kwamba mtu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili: kulima na kutunza. Ya kwanza twaifahamu. Mtu wa Wingwi hahitaji kufundishwa kutafuta riziki. Bamvua likifika, akina mama huteremka mwambani kutafuta pweza, na wavuvi hutega madema yao. Kazi ya pili ndiyo tunayoisahau. Basi mwezi huu tumtazame mtu aliyeishika kazi hiyo, tupate kujifunza.

Bibi Sibylle Riedmiller ni Mjerumani aliyekuja Tanzania kufanya kazi ya maendeleo katika elimu. Mwaka 1991 alianza kushughulikia kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja. Mwamba wa magharibi ya kisiwa hicho ulikuwa bado mzima. Ilimchukua miaka ya kwenda na kurudi katika ofisi nyingi, hata mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza kuwa hifadhi. Wataalamu wamehesabu hapo aina zaidi ya 400 za samaki, na aina 200 hivi za matumbawe magumu.

Tangazo la Serikali peke yake halilindi mwamba. Ni nani basi aliyeulinda? Ni wavuvi wa vijiji vya karibu. Bibi Riedmiller aliwachukua, wakafundishwa kupiga mbizi, kutambua viumbe na kuandika kila siku yale waliyoyaona. Hawana bunduki. Mvuvi akiingia ndani ya mpaka, humwendea na kuzungumza naye: matumbawe ni viumbe hai vinavyokua polepole sana, samaki huzaliana humo, kisha hutoka nje ya mpaka, wakaingia katika mitego ya mvuvi huyo huyo. Na chombo kikipatwa na shida karibu na kisiwa, walinzi hao ndio wanaokwenda kusaidia. Mtu aliyeokolewa nawe atakusikiliza kesho utakapomwambia asivue hapo.

Tena Bibi huyo aliona kwamba watoto wetu walikuwa wakisoma shuleni bila kufundishwa habari za matumbawe, ingawa wanaishi kando yake. Kwa hiyo wanafunzi huletwa Chumbe, huvishwa maboya, huangalia chini ya maji kwa miwani. Fedha za wageni wanaolala kisiwani ndizo zinazolipia safari hizo na mishahara ya walinzi. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliitunukia kazi hiyo nishani ya Global 500.

Pengine mtu atasema, "Walinzi wa Chumbe wanapata mshahara. Mimi nikiuacha mwamba, watoto wangu watakula nini leo?" Swali hili ni la haki, wala tusimjibu ndugu yetu kwa maneno ya dini matupu. Lakini tuangalie kwetu. Hapa Pemba, wavuvi wa Kisiwa Panza wamekubaliana kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu, pweza wapate kukua, kisha wakaifungua wote pamoja. Hawakuacha kula, waliacha sehemu moja kwa muda, na kuvua kwingine. Tendo hilo liliwezekana kwa sababu walikubaliana. Mmoja akiiba usiku, mwenye subira hupata hasara.

Kuna jambo jingine linalotuumiza. Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, huko huko Kisiwa Panza, walifariki 9, na 8 kati yao walikuwa watoto. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, wala haina dawa ya kuipoza. Nayo hupita hata katika maziwa ya mama. Sheria inakataza kumvua kasa. Basi mwenye kumrudisha kasa baharini hulinda kiumbe cha Mungu, na pia mtoto wa jirani yake. Tusione haya kumwonya jirani anayegawa nyama hiyo, hata katika sikukuu.

Sisi Wakristo tu wachache Pemba, na mwamba hatuwezi kuulinda peke yetu. Jirani zetu Waislamu walikwisha kutangulia: huko Misali, kisiwa kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, walimu wao waliwafundisha wavuvi kutoka katika Kurani kwamba mtu ni mtunzaji tu wa mali ya Mungu. Tukae nao katika kamati za wavuvi, tushike neno moja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Ni sehemu gani ya mwamba wetu ambayo wazee waliikuta na samaki wengi kuliko sasa? Imebadilika kwa nini?
2. Tukifunga sehemu kwa miezi mitatu, ni nani atakayeumia kwanza, nasi tutamsaidiaje?
3. Watoto wetu wanajua habari ya sumu ya kasa?

Tuombe. Ee Mungu, uliyeiumba bahari na vyote viijazavyo, utupe mikono ya kutunza kama ulivyotupa mikono ya kuvua. Uwafariji waliofiwa, uwalinde walioko majini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.