Somo la Pikapu Kuukuu

Wanachama wetu, baadhi yenu mna Land Rover ya zamani imelala chini ya mwembe, nanyi mwataka kuifufua ichukue karafuu. Tafadhalini, msianze na rangi.

Huko Kibaha, ambako kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, tulimkuta bwana mmoja akiitengeneza yake uani kwake. Aliipaka rangi kwanza, ikang'aa kama bwana harusi. Fundi alipogonga chasisi, nyundo ikazama.

Sababu ni hii. Land Rover ilipotokea mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, basi bodi ikafanywa ya alumini isiyoshika kutu. Lakini chasisi ni chuma, tena ina uwazi ndani kama mwanzi. Tope na chumvi ya pwani hukaa humo, huila kutoka ndani.

Basi egemezeni gari juu ya magogo imara, msitegemee jeki peke yake, kisha gongeni pote. Palipo pazima hulia. Palipooza sauti hufa. Hapo pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo pachomelewe bamba jipya. Kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta liondolewe na waya za betri zifunguliwe.

Tulipoagana na yule bwana, nusu ya rangi yake ilikwisha ungua.