Kabla Fedha ya Kikundi Haijatoka: Namna ya Kukagua Lenzi ya Kamera Iliyotumika

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa kwa mgawanyo unaofahamika: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Miongoni mwa miradi ambayo vijana huiandikia maombi ni upigaji wa picha na video katika harusi, ubatizo, vikao vya ukoo na mahafali ya shule. Kwa kuwa lenzi mpya ni ghali, vikundi vingi huelekea kwenye lenzi zilizokwisha kutumika, ama katika maduka ya Kariakoo, ama kwa mpiga picha anayebadilisha vifaa vyake.

Uamuzi huo si mbaya. Lenzi iliyotunzwa hudumu kuliko kamera yenyewe. Lenzi ya Canon ya mfumo wa EF iliyotengenezwa mwaka 1987, mfumo huo ulipoanza, bado hufunga na kupiga picha katika kamera ya EF ya miaka ya karibuni. Tatizo ni kwamba lenzi mbovu inaweza kupita jaribio la dukani bila kugundulika, na marejesho ya mkopo huendelea kudaiwa kila mwezi hata kama kifaa kimelala kabatini.

Sababu ya ubovu kujificha ni hii. Ndani ya lenzi mna vipande vyembamba vya chuma vinavyofanya tundu la mwanga. Katika kamera za kioo, yaani zile za DSLR, tundu hilo hubaki wazi wakati wote mpiga picha anapochungulia, hujifunga kwa kiasi kilichopangwa pale tu kitufe kinapobonyezwa, kisha hufunguka tena. Dukani mwanga ni hafifu, kamera imewekwa katika mpango wa kujiendesha, na muuzaji anapigwa picha moja akiwa anatabasamu. Katika hali hiyo kamera huliacha tundu wazi kabisa, na vile vipande vya chuma havijongei hata kidogo. Picha hutoka nzuri, fedha hulipwa. Ubovu hujitokeza siku ya mahafali, saa sita mchana, jua likiwa kali na tundu likitakiwa kujifunga. Mahafali hayarudiwi.

Kwa hiyo mnunuzi anashauriwa kwenda na kamera ya kikundi, betri iliyojaa, kadi ya kumbukumbu na tochi, hata ya simu, na kufanya jaribio la tundu kabla ya mengine yote. Kamera iwekwe katika mpango wa A au Av, ielekezwe kwenye ukuta wa rangi moja ulio nje penye mwanga usiobadilika, kisha zipigwe picha kwa namba ndogo kabisa ya f, halafu f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Kamera yenyewe itabadilisha kasi ya shata, hivyo picha zote zinapaswa kuwa na mwangaza unaolingana. Ikiwa picha za f/11 na f/16 zimekuwa nyeupe kuliko za mwanzo, vipande vya chuma vinachelewa kujifunga, mara nyingi kwa sababu vimeshikwa na mafuta. Picha za f/16 zirudiwe kumi mfululizo, kwa maana lenzi inayougua huweza kufaulu mara tatu na kushindwa mara ya nne.

Lenzi ya kuvuta, kama ile ya milimita 24 hadi 105, ijaribiwe hivyo ikiwa imefupishwa, ikiwa katikati na ikiwa imerefushwa. Utepe mwembamba wa umeme unaoendesha tundu hukunjwa kila lenzi inapovutwa, na ukikatika huweza kugusana katika nafasi moja na kuachana katika nyingine. Kamera ya Canon ikiandika Err 01, maana yake ni kwamba mawasiliano kati yake na lenzi yana hitilafu. Ncha za umeme zilizo nyuma ya lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu na jaribio lirudiwe. Ujumbe ukirejea, lenzi hiyo iachwe, hata muuzaji akiapa kwamba ni uchafu tu.

Baada ya tundu, macho yahamie kwenye vioo. Lenzi itolewe kwenye kamera, tochi imulikwe upande mmoja na mkaguzi atazame kutoka upande wa pili kwa mshazari. Kamwe asiielekeze kwenye jua, kwani jua likipitia kwenye lenzi huunguza jicho. Lenzi ya Canon EF ikiwa nje ya kamera hukaa na tundu lililo wazi. Zile nyingi za Nikon hujifunga, na hufunguliwa kwa kusogeza kwa kidole kijiti kidogo kilicho nyuma, ambacho kikiachiwa kinapaswa kurudi mara moja bila kusita.

Chembe chache za vumbi ndani si neno, kwa sababu karibu kila lenzi iliyofanya kazi inazo na hazionekani pichani. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele pia huharibu kidogo kuliko wengi wanavyodhani, ingawa ni sababu halali ya kuomba punguzo. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni jambo jingine, nao huonekana kwa urahisi zaidi katika picha. Linaloogopesha hasa, na zaidi kwa wakazi wa maeneo yenye joto na unyevu, ni kuvu. Huonekana kama nyuzi za buibui au mizizi myembamba inayotambaa kutoka ukingoni. Ikiwahiwa, fundi huweza kuisafisha. Ikikaa, hula utando uliopakwa juu ya kioo na alama yake haifutiki tena. Ukungu mweupe uliotanda kioo kizima nao hufanya picha ipauke, hasa anayepigwa akiwa amelipa mwanga mgongo.

Ukali wa picha hupimwa kwa ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani ukiwa umenyooka, kamera ikiwa imesimama sambamba nao juu ya meza au stendi. Picha ikuzwe kwenye skrini na pembe zote nne zilinganishwe. Pembe zote zikififia kidogo kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi nyingi. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umefifia, yaelekea lenzi iliwahi kuanguka na vioo vimehama. Kisha fokasi ijaribiwe kwa vitu vya karibu na vya mbali sana, mfano mnara wa simu, huku mkono ukihisi kama pete zinazunguka bila kukwama wala kusaga mchanga.

Lipo kosa moja ambalo si ubovu wa lenzi. Kamera za Nikon za familia ya D3000 na D5000, kwa mfano D3200 na D5300, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi za zamani za AF na AF-D zikifungwa humo hazijilengi, japo ni nzima kabisa. Kikundi chenye kamera hizo kitafute lenzi zenye mota zao wenyewe, kama AF-S. Vilevile, lenzi yenye kituliza mtikisiko inayotoa mlio mdogo ikitikiswa isikataliwe kwa hilo peke yake, kwani kioo kimoja ndani yake huelea.

Majaribio yote haya hayazidi nusu saa. Muuzaji anayekataa kuyaruhusu amekwisha kutoa jibu.

Dukani mnunuzi adai risiti ya EFD. Akinunua kwa mtu binafsi, mauziano yaandikwe na kushuhudiwa katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, yakitaja jina la muuzaji, bei na namba iliyochongwa kwenye lenzi. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na karatasi hiyo ndiyo itakayowatetea wanakikundi iwapo mwenye mali atajitokeza. Nakala yake ihifadhiwe katika jalada la mradi.

Ikishafika nyumbani, lenzi isiachwe ndani ya mkoba wa ngozi au nguo, ambao hutunza unyevu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vipakiti kadhaa vya silika, vile vinavyokutwa kwenye maboksi ya viatu, hutosha. Mchele usitumike, kwani unga wake huingia kwenye pete.