Namba Isiyoenea Chomboni

Katika mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tatu, tukimtazama mwalimu mwanafunzi wetu akifundisha kujumlisha. Alichora ubaoni safu mbili, makumi na mamoja, akampa mtoto 78 kujumlisha na 47. Mtoto akaandika 25. Alitiwa kosa, akarudishwa kitini. Kwa maoni yetu kosa halikuwa lake: ile mia moja haikuwekewa mahali pa kukaa.

Yafaa mwalimu ajue kwamba kompyuta nayo hukosea hivyo hivyo. Kumbukumbu yake imegawanywa katika vyumba vya ukubwa maalumu. Chumba cha biti 8, kwa namba zisizo hasi, hupokea 0 hadi 255. Katika lugha ya C, programu ikihamishia humo 300, hutolewa 256, hubaki 44, na kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wala C haimzuii mtu kuandika nje ya vyumba alivyopewa. Namba ya jirani hufutwa bila taarifa.

Ziko lugha zinazoligundua kosa, lakini kuligundua tu hakutoshi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu ya chombo chake cha kuongozea, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, ilirithiwa kutoka Ariane 4. Humo namba ya desimali ya biti 64, iliyohusu mwendo wa mlalo, iligeuzwa kuwa namba nzima ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa mlalo mkubwa zaidi, kikomo kikavukwa. Kosa liligunduliwa, ila programu haikuelezwa la kufanya. Chombo kikazima, cha akiba, chenye programu ile ile, kilikwisha kuzima kabla yake. Roketi ikapasuka hata dakika moja haijatimia. Na hesabu yenyewe haikuwa na kazi tena baada ya kuruka!

Basi tusiwachoree watoto safu kabla hawajakadiria jibu. Tuwaulize kwanza: je, litazidi 99? Kisha tuwape kisanduku cha vyumba viwili, kila kimoja cha visoda 9, wajionee vinavyomwagika.

Mtoto wa siku ile tulimwuliza baada ya kipindi. Alijibu kwamba mia alikuwa nayo kichwani, ila hakuona pa kuiandika.