Fumbo, Chemshabongo au Mtego? Istilahi ya Mchezo wa Paka

Michezo mepesi ya kompyuta ya kufikirisha, ambayo baadhi yake humtumia paka kama mhusika, huitwa kwa Kiswahili mafumbo au chemshabongo. Istilahi hizo mbili hazilingani. Mfano unaofaa ni Chat Noir, mchezo uliotoka Japani. Paka mweusi huwekwa katikati ya uwanja wa miduara 121, yaani safu 11 za miduara 11, ambayo baadhi yake imekwisha kuzibwa. Mchezaji huziba mduara mmoja. Paka naye huhamia mmojawapo wa miduara sita inayopakana naye. Akifika ukingoni ametoroka, akizingirwa amenaswa.

Fumbo huficha maana: mfumbaji huijua, mfumbiwa huitafuta. Katika Chat Noir hakuna kilichofichwa. Neno chemshabongo nalo hutaja jitihada ya mtatuzi tu, wala halisemi lolote juu ya mpinzani.

Kitendawili ndicho kilicho karibu zaidi. Mjibu huitikia “Tega!”, na kazi yake huwa ni kutegua, akishindwa, hudaiwa mji. Lugha yenyewe, basi, ilikwisha kuuona utanzu huo kuwa mtego. Ila hapa majukumu yamegeuka: anayecheza ndiye anayetega, na paka ndiye anayetegua. Kwa hiyo “mchezo wa mtego” ni istilahi yenye mashiko. Haifai, hata hivyo, kwa michezo ya kulinganisha vigae vyenye sura za paka, ambamo hategwi mtu wala mnyama; huko chemshabongo inatosha.