Mume Asiyesadiki, Mke Anayemfuata Nabii



Tuchukue nyumba moja kisiwani Mfangano. Mume ni mvuvi wa omena. Usiku yuko ziwani na taa zake, mchana amelala. Miaka saba ya ndoa imepita bila mtoto, na mama mkwe ameanza kutaja mke wa pili. Mke anasikia kwamba ng'ambo, Mbita, yuko nabii. Anapanda boti, anarudi na neno: "Mzee, nabii amesema tumbo langu limefungwa na mtu wa boma lenu."

Mume anajibu: "Mama, mimi siamini manabii. Hata Mungu simwamini tena." Tangu siku hiyo haendi Misa, na mke hasalimu watu wa boma.

Ni nani kati yao aliyepungukiwa na imani? Tusiharakishe kumhukumu mume. Tusome kwanza Injili ya Luka, sura ya 1.

Zakaria na Elizabeti walikuwa wazee wacha Mungu, wasio na mtoto. Zakaria, kuhani, alikuwa hekaluni akifukiza ubani malaika Gabrieli alipomwambia kwamba mkewe atazaa mwana. Hakusadiki, akawa bubu. Tazameni: kutosadiki kulimpata kuhani, mahali patakatifu, saa ya ibada. Huenda moyo wake ulikwisha kuchoka kungoja. Lakini Mungu hakuondoa ahadi yake kwa sababu ya udhaifu wa mume.

Na Elizabeti? Injili haisemi popote kwamba alimlaumu. Mtoto alipozaliwa, jamaa walitaka aitwe kwa jina la baba yake. Mama akasema, Yohane. Zakaria akaandika jina lile lile kibaoni, na ulimi wake ukafunguka. Alipona siku alipokubaliana na mkewe juu ya neno la Mungu.

Hatusemi kwamba kila nyumba inayongoja itapata mtoto. Ahadi ile ilikuwa ya Zakaria. Kanisa linafundisha kwamba ndoa isiyojaliwa watoto ni ndoa kamili, wala haivunjwi kwa sababu hiyo.

Kwetu Nyanza kufuata manabii si jambo geni. Mwaka 1963 Wakatoliki wengi waliwafuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko katika Legio Maria. Wengi walikwenda na uchungu wa kweli: ugonjwa, vifo vya watoto, hofu ya uchawi. Anayemtafuta nabii ana jeraha. Mume mwenye busara huuliza kwanza jeraha liko wapi.

Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, anatutaka tusidharau unabii, bali tupime kila kitu. Mume wa Mfangano amedharau, mke hakupima. Wote wawili wanahitaji kurudi kwenye imani. Basi fanyeni hivi:

1. Neno lolote la unabii lipimeni pamoja, mkiwa wawili, kisha na padre au katekista. Unabii wa kweli hujenga na kufariji. Unaomtaja mchawi wa boma, unaodai fedha au unaokataza dawa, uacheni.

2. Nendeni hospitali wote wawili. Sababu ya kukosa mtoto yaweza kuwa kwa mume pia.

3. Mume azungumze mwenyewe na mama yake juu ya mke wa pili. Huo si mzigo wa mke.

4. Mke asimvute mumewe Misa kwa maneno makali. Amwombe jambo moja dogo: Baba Yetu moja kwa pamoja, kabla hajashuka ziwani. Akikataa, mke aisali peke yake, kwa upole, kila jioni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni jambo gani tumechoka kumwomba Mungu? Je, tumewahi kuambiana hivyo, au kila mmoja amebeba uchovu wake peke yake?